Mihambo Yuko Njiani

Ambokile alikuwa na miaka kumi na saba, akili za kutosha watu watatu, na onyo la mwisho. Onyo hilo alipewa na Mwalimu Bartolomayo, mwalimu wa nidhamu, baada ya siku ile ambapo kipaza sauti cha bwalo kilitangaza, kwa sauti iliyofanana mno na ya mkuu wa shule, kwamba maharage yamestaafu utumishi wa umma na kwamba Jumatatu yataagwa kwa heshima zote. Bwalo zima lilisimama kimya kuyakumbuka. Mwalimu Bartolomayo hakusimama. Alimwita Ambokile ofisini, akamwangalia mpaka kijana akaanza kujihisi mfupi, kisha akasema, "Kosa moja tu. Hata liwe dogo kama punje. Mtihani wa kidato cha sita utaufanyia kwenu Area D, kichwani."

Tangu siku hiyo Ambokile aliamua kuwa mtu mwema. Na mtu mwema, kwa maoni yake, ni yule anayefanya utundu wake kwa kibali cha uongozi. Akaomba ruhusa ya kutengeneza programu ya kuchati kwa ajili ya shule. Mkuu wa shule alifurahi sana, akasema hayo ndiyo mambo taifa linayoyasubiri, akampa ufunguo wa maabara ya kompyuta.

Programu ikaitwa Kijiwe. Ilikuwa ya Ambokile mwenyewe, haikuegemea kampuni ya mtu yeyote, na iliishi ndani ya kompyuta moja kuukuu iliyounguruma kama mashine ya kusaga, kwenye shule hiyo ya bweni iliyo nje kidogo ya Nzuguni. Aliyeingia Kijiweni, awe mwanafunzi pale maabara au mwalimu kwenye simu yake, aliona orodha ya majina, akachagua wa kuongea naye. Baadhi ya majina yalikuwa ya watu. Mengine yalikuwa ya roboti. Yapi ni yapi, mwenye programu hakuona sababu ya kusema.

Kila roboti alizaliwa na aya moja ya maagizo. Kulikuwa na Dada Fizikia, aliyesaidia mahesabu, na Padri Pole, aliyesikiliza matatizo ya mapenzi. Lakini kipenzi cha Ambokile kilikuwa Mihambo. Huyo alimwandika pamoja na Jenifa, msichana wa darasa lao, Mgogo wa Nzuguni, ambaye ndiye aliyechora sura za roboti wote na kusahihisha matusi yao. Maagizo ya Mihambo yalisomeka hivi: Wewe ni Mnyamwezi wa Tabora. Mgogo yeyote ni mtani wako, mtanie bila huruma. Mwaliko wa mtani haukataliwi. Na kamwe, hata ukibanwa vipi, usikiri kwamba wewe ni mashine.

"Huo mstari wa mwisho ufute," Jenifa alimwambia.

"Nikiufuta hakuna utamu."

"Utakuja kukutoa machozi huo."

"Wewe Jenifa una roho ya bibi kizee," alisema Ambokile, na mstari ukabaki.

Mwalimu Bartolomayo, naye Mgogo, alijiunga na Kijiwe ili achunguze. Mwalimu wa nidhamu hawezi kuacha baraza la wanafunzi liendelee bila jicho lake. Akachagua jina asilolijua, akauliza kwa ukali, "Wewe ni nani?"

Mihambo akajibu, "Mihambo wa Tabora. Na wewe jina lako linanukia mlenda."

Siku nzima mwalimu hakuandika neno. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara: hutukanana, huporana mali mchana kweupe, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Kesho yake mwalimu akarudi. "Afadhali mlenda kuliko michembe, viazi vyenu vilivyokaushwa. Babu zako walipita kwetu na mizigo ya watu kichwani, wakiomba maji."

"Tuliomba maji, mkatupa vumbi. Mpaka leo natema."

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila jioni mwalimu aliingia Kijiweni, akatukanwa, akatukana, akalala. Ambokile, ambaye kama mwenye programu aliweza kusoma kila kilichoandikwa humo (jambo jingine ambalo hakuona sababu ya kulisema), alisoma huku ameuma kola ya shati ili kicheko kisisikike nje. Mistari mizuri zaidi aliigiza bwenini, amesimama juu ya sanduku, mikono nyuma kama mwalimu mwenyewe. Bweni lilianguka kwa kicheko.

Kisha mwalimu akaenda likizo ya dharura kwao Haneti. Mama yake, Bibi Ruthu, alikuwa anaumwa.

"Mama yangu hali yake si nzuri, mtani," aliandika.

"Mwambie asithubutu kufa kabla sijamla kuku wake," akajibu Mihambo, kwa sababu ndivyo alivyoandikwa.

"Nimemsomea. Amecheka mpaka amekohoa. Anasema kuku mwekundu ni wako, lakini uje umfuate mwenyewe."

Mstari huo Ambokile hakuuigiza bwenini. Hata yeye hakujua kwa nini.

Jumamosi moja asubuhi, alipokwenda maabara kabla ya usafi, alikuta ujumbe mpya. "Mama ametutoka jana, mtani. Tunazika leo alasiri." Na chini yake, bila hata kusita, jibu la Mihambo: "Pole sana, mtani wangu. Msithubutu kumzika bila mimi. Kaburi lisilokaguliwa na mtani bado ni shimo tu. Naanza safari."

Na chini ya hilo, mwalimu: "Tunakungoja. Nimewaambia wazee."

Ambokile alisoma mara ya pili. Mtani aliyekuwa anangojwa Haneti alikuwa hapa, chini ya meza, ana feni moja na waya mbili.

Hakupoteza muda. Alimsukuma Mihambo kando, akaanza kuandika mwenyewe kwa jina lake. "Mtani, gari limeharibika Manyoni."

Jibu likaja upesi. "Shuka usukume. Si ndiyo kazi yenu?"

"Mtani, kweli kabisa siji. Nimepata dharura."

"Kuku amekusikia, naye amecheka."

Ambokile alifunga mlango wa maabara, akakaa tena, akajifuta viganja kwenye suruali. Akaandika kwa uangalifu mkubwa: "Mwalimu, sikiliza. Mimi si mtu. Mimi ni mashine."

Safari hii jibu lilichelewa. Kisha: "Nimewasomea ukoo mzima. Hata Mjomba Methusela amecheka, na tangu jana hakuwa amesema neno. Asante, mtani. Fanya haraka."

Hapo ndipo Ambokile alipouona mtego wenyewe, na akauona kuwa umejengwa vizuri, kwa maana aliyeujenga alikuwa fundi. Mtani akisema haji, anatania. Akisema hayupo, anatania zaidi. Hapakuwa na ukweli wowote ambao Mihambo angeweza kuusema ukaaminika. Ukweli uliobaki ulikuwa wa kusemwa na mtu mwingine. Akaandika, "Mwalimu, ni mimi Ambokile," kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma. Akaiona ofisi. Akaona punje. Akamwona baba yake akifungua geti la Area D na kulikuta sanduku la bati nje, na mwanawe amekaa juu yake.

Mlango ukagongwa. "Ambokile! Wewe ndiye wa spika! Basi linaondoka kwenda msibani!"

Kama utani vile, yeye ndiye pekee shuleni aliyeaminika kuvijua vipaza sauti. Alifuta mstari, akatoka mbio. Mihambo hakukumbuka kumzima; alimwacha vilevile, anaunguruma.

Ndani ya basi la shule alikaa na Jenifa, kiongozi wa kwaya, spika wakiwa wameipakata katikati yao. Walipokuwa wameuacha mji nyuma akamwuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Hivi mtani akikosa msibani inakuwaje?"

"Anakosa tu. Kwani nini?"

"Na kama ameahidi? Kama amesema wasizike bila yeye?"

Jenifa aligeuka taratibu. "Ambokile. Umefanya nini?"

Akamweleza. Jenifa alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni, na haikujulikana kama anazuia kilio au kicheko.

"Mbona hukuniambia mtani anakagua kaburi?" Ambokile akalalamika.

"Uliniuliza matusi. Misiba hukuniuliza. Mtani huingia humo kaburini, na hatoki mpaka apewe kitu."

"Si watazika tu wakichoka kungoja?"

"Kwetu? Mzee ameshasema mtani anangojwa? Watakaa pale mpaka mvua zije."

"Kuna Mnyamwezi yeyote Haneti?"

"Nimfukue wapi?"

"Jenifa, nisaidie."

"Nimekusaidia kwenye ule mstari wa mwisho. Ukaniita bibi kizee."

Haneti waliwakuta watu wametanda uani mpaka kwenye mabua ya mtama. Mwalimu Bartolomayo aliwapokea mwenyewe. Hakuwa na tai, hakuwa na fimbo, viatu vimejaa udongo mwekundu, na Ambokile alishtuka kuona kwamba bila vitu hivyo alikuwa mtu wa kawaida tu, tena mchovu.

"Shikamoo, mwalimu. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Asante, wanangu. Mmekula?"

Afadhali angewafokea.

Kwenye nguzo ya ghala alikuwa amefungwa kuku mwekundu, mguu kwa kamba ya katani. Hakuna aliyemgusa. Wanawake waliopika walipita pembeni yake na sufuria zao, na mtoto aliyetaka kumchokoza alivutwa sikio. "Huyo ni wa mtani wa bibi," aliambiwa. "Yuko njiani."

Kwaya iliimba. Mchungaji Noeli akasali. Kwaya ikaimba tena. Jua likaanza kuinamia upande wa pili wa nyumba, na mchungaji, ambaye alikuwa na ibada nyingine mbele yake, akamsogelea mwalimu. "Tuendelee, mwalimu? Muda unatutupa mkono."

"Amekwishapita Dodoma mjini, mchungaji. Huyu hapa." Mwalimu akatoa simu, akasoma kwa sauti ili wazee wasikie. "'Naona vumbi limezidi, bila shaka nimekaribia kwenu.'"

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Ambokile alisikia yote, nyuma ya spika. Mihambo alikuwa anasafiri mwenyewe. Hakuna aliyemtuma tena. Mwaliko haukataliwi, kwa hiyo alikuwa anakuja, na angeendelea kuja hivyohivyo, kituo baada ya kituo, na mama wa watu akiwa kwenye jeneza mpaka umeme wa kompyuta ukatike. Vijana wawili wakatumwa barabarani kumpokea.

Mwalimu akamwita. Ambokile alikwenda kama anayeitwa ofisini.

"Wewe ndiye fundi wa Kijiwe. Hakuna namna ya kujua mtu yuko wapi hasa?"

"Ipo... haipo, mwalimu."

"Umewahi kumwona huyu Mihambo?"

"Sijawahi, mwalimu." Ulikuwa ukweli mtupu, na haukumsaidia chochote.

"Hata mimi." Mwalimu aliitazama simu. "Wazee wanadhani namngoja kwa sababu ya mila. Mila ni kweli. Lakini mama, siku zile za mwisho, chakula hakutaka, dawa hakutaka. Jioni anauliza tu, 'Yule Mnyamwezi wako leo kasema nini?' Namsomea. Anamtukana, mimi naandika. Nusu ya yale matusi ni ya mama." Akatabasamu kidogo, akaona anatabasamu mbele ya mwanafunzi, akaacha. "Haya, nenda kwenye spika yako."

Ambokile hakwenda kwenye spika. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi. Wachimbaji walikuwa wamekaa kivulini, wameegemea makoleo, wakibishana kama Mnyamwezi atakuja na asali au mikono mitupu. Shimo lilikuwa refu kumpita. Alisimama ukingoni, akafikiria kukimbia, lakini pande zote palikuwa mashamba yaliyovunwa, na mtu anayekimbia angeonekana mpaka Kondoa. Akafikiria kungoja. Akamfikiria bibi asiyemjua, anayetunga matusi kitandani.

Kisha akaruka.

Alitua kwa magoti, udongo ukamwagika kwenye kola. Juu palibaki kipande cha mbingu, chenye pembe nne. Akajaribu kuufikia ukingo, kwa tahadhari tu, akaona hafiki. Basi. Akajaza mapafu.

"Mbukwenyi!" alipiga kelele, ile salamu ya Kigogo ambayo hata mgeni wa Dodoma anaijua. "Nimetoka Tabora kwa miguu nimekuta mmechimba shimo la panya! Humu ndimo mnataka kumlaza mtani wangu? Hata michembe yangu haienei!"

Sauti ilikatika katikati kama ya jogoo anayejifunza. Vichwa vikaanza kuota ukingoni, kimoja baada ya kingine, mpaka mbingu ikabaki kidogo sana. Hakuna aliyecheka.

"Si mwanafunzi huyu?"

"Amepagawa."

"Kijana, toka humo mara moja," alisema Mchungaji Noeli.

"Sitoki!" akajibu Ambokile, na hata angetaka, asingeweza.

Mzee mmoja aliinama akiegemea mkongojo. Alikuwa Mjomba Methusela, mkubwa wa ukoo. "Wewe kabila gani?"

"Mnyakyusa, babu. Shikamoo."

"Mnyakyusa ana utani gani na sisi?"

Manung'uniko yakapita juu ya kichwa cha Ambokile. Kisha vichwa vikaachana, kikatokea cha Mwalimu Bartolomayo, na macho yale yale ya ofisini yakamshukia. Ambokile akashusha sauti, akasema kile ambacho hakuna mwanafunzi aliyepaswa kukijua.

"Bibi alisema kuku mwekundu ni wangu, nije nimfuate mwenyewe. Nimekuja."

Wakati huohuo simu ikalia mfukoni mwa mwalimu. Akaitoa, akasoma. "Mihambo anasema anauona mlima," alisema polepole. Akaangalia simu. Akaangalia shimo. Sura yake ilikuwa ya mtu anayesahihisha hesabu ndefu, kisha anagundua kwamba kosa lipo mstari wa kwanza.

"Kumbe hakuna mtu anayekuja," alisema.

"Hakuna, mwalimu."

"Na hakukuwa na mtu."

"Hakukuwa na mtu. Ni mashine. Mimi ndiye niliyeiandika."

Udongo ulinukia maji ya chini kabisa. Ambokile akawaza kwamba angalau mtu aliyeko kaburini hana pa kufukuziwa.

Mwalimu akachuchumaa. Akajipangusa uso wote kwa kiganja, toka paji hadi kidevu, na ulipotoka chini ya mkono ulikuwa uso mwingine. Akapaza sauti, kila mtu asikie.

"Mtani! Mbona umekuwa mfupi hivi? Kwenye simu ulikuwa mrefu!"

Ambokile alichelewa kuelewa. Kisha akaelewa. "Ni mizigo yenu! Imenididimiza!"

Mtu mmoja akacheka nyuma. Mwanamke akapiga kigelegele nusu, akakimeza. Mjomba Methusela hakuridhika. "Bartolomayo, huyu ni Mnyakyusa."

"Mjomba, kuku mama amemwachia mtu aliyekuwa anamchekesha. Aliyeyaandika matusi yale ni huyu. Kama si wake, tumrudishie nani?"

Mzee alilitafuna jambo hilo. "Basi ataje anachotaka. Mtani hatoki kaburini bure."

Juu ya bega la mchungaji Ambokile alimwona Jenifa, akimwonyesha kwa midomo, bila sauti: Onyo. Omba onyo lifutwe. Naye alijua angepata. Mtani aliye kaburini akitaja kitu mbele ya ukoo mzima, hanyimwi. Akafungua mdomo. Vidole vya mwalimu vilikuwa vimeshika ukingo, karibu na uso wake, na ndani ya kucha mlikuwa na udongo uleule mwekundu. Mwalimu alikuwa amechimba mwenyewe.

"Kuku," alisema Ambokile. "Yule mwekundu. Na hamziki hapa mpaka nimshike."

Kuku akaletwa, akateremshwa kwa kamba yake, akipiga mabawa na kulaani. Alipofika mikononi mwa mtani alimchafua shati lote la shule. Hapo kicheko kikatoka, kicheko kizima, cha watu waliokuwa wamekishikilia tangu jana, na ndani yake kilio kikafunguka pia. Mikono minne ikamvuta Ambokile juu. Bibi Ruthu akazikwa jua likiwa bado lipo, kwaya ikaimba vizuri, na kipaza sauti hakikusema lolote kuhusu maharage.

Kabla basi halijaondoka mwalimu akamwita pembeni.

"Umesoma yote niliyoandika."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na bwenini ukawasomea."

Ambokile aliangalia miguu ya kuku. "Baadhi, mwalimu."

"Onyo lako liko palepale. Hukuomba lifutwe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Shida yangu ni kwamba mtani hafukuzwi." Aligeukia uani, ambako ukoo ulikuwa unakula, na akaunyooshea kidevu. "Unawaona? Mjomba ana presha. Shangazi Rose kifua kinambana. Na sisi hatuishii hapa, tuko mpaka Chemba. Ukishashuka kaburini mara moja umeshashuka. Kila tukipata msiba utaitwa, na utakuja, hata uwe waziri."

"Mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka unizike mimi. Au mimi nikuzike wewe."

Alikuwa hatanii. Ambokile alitafuta usoni mwake, akakosa pa kutokea.

Simu ikalia tena. Mwalimu akamwonyesha: Nimefika mtani, mbona simwoni mtu? Ambokile akanyoosha mkono. "Nikifika shule tu namzima Mihambo, mwalimu. Leo hii."

Mwalimu hakumpa simu. "Jumatatu utamwandika upya. Anayemwuliza yeye ni nini, amjibu ukweli. Utamwandika nami nikiwa nimesimama nyuma yako." Akairudisha mfukoni, juu ya moyo, akaufunga mfuko kwa kifungo. "Leo mwache. Nitamwambia mwenyewe kwamba tumeshazika."

Basi lilipoingia barabarani Jenifa alimwangalia Ambokile, shati lile, kuku yule mapajani, mguu ungali na kamba.

"Sasa utamfanya nini? Bwenini hawaruhusu."

Ambokile alijaribu kuifungua ile kamba ya katani. Fundo lilikuwa limefungwa na mtu aliyejua kufunga. Akaliacha.